Nani Anamwamuru Nani Ndani ya Hamira?

Najua nimekuwa kimya kwa muda, kazi zilinizidi. Leo sitaandika juu ya simu mpya wala lugha mpya ya kuandikia programu. Nitaandika historia ya hamira, ile ile tunayoumulia mandazi. Nivumilieni. Mtaona kwamba bado tunazungumzia programu.

Kisa kilianzia kazini. Tulikuwa na programu mbili za usiku. Ya kwanza ilikusanya hesabu za siku nzima, ikianza saa sita usiku. Ya pili ilitengeneza ripoti kutokana na hesabu hizo, nayo ilipangiwa kuanza saa nane. Aliyezipanga (ni mimi, nakiri) alidhani saa mbili zinatosha. Kwa miezi kadhaa zilitosha kweli. Usiku mmoja ile ya kwanza ikachelewa. Ya pili ikaanza saa nane kamili kama ilivyoamriwa, ikatengeneza ripoti safi kabisa kutokana na hesabu nusu. Asubuhi simu yangu haikunyamaza.

Nilipokuwa nikirekebisha makosa yangu nikakumbuka seli ya hamira. Yenyewe hufanya kazi ya namna hii kila dakika 90 hivi ikiwa mahali penye joto na chakula. Inakua, inatoa chipukizi huku ikirudufu DNA yake yote, inazitenga nakala mbili, kisha chipukizi linaachana nayo likiwa seli mpya. Ikianza kutenga nakala kabla ya kurudufu kuisha, itakufa au itazaa mtoto mwenye kasoro. Je, seli hii inatazama saa kama programu yangu? Au kila kazi ikimalizika ndiyo huiita inayofuata?

Swali hilo limewashughulisha watu werevu kwa zaidi ya miaka 40. Hii ndiyo historia yake.

Kwanza, jeni huwashwaje?

Seli ya hamira ina kromosomu 16, zenye jumla ya herufi milioni 12 hivi za DNA. Ukiziandika kama maandishi ya kawaida unapata faili la megabaiti 12, yaani nyimbo tatu hivi za MP3. Ndani ya faili hilo mna jeni zipatazo 6,000. Kila jeni ni maagizo ya kutengeneza kitu, mara nyingi protini.

Lakini jeni haifanyi chochote mpaka isomwe. Kuisoma ni kuinakili kuwa RNA, na RNA ndiyo hupelekwa kwenye kiwanda cha protini. Nani huamua jeni ipi isomwe na lini? Ni protini maalumu zinazotua kwenye DNA karibu na mwanzo wa jeni na kuiwasha au kuizima. Nitaziita vidhibiti unakili. Kila kidhibiti kina mfuatano wa herufi kinaoupenda. Kinautafuta, kinautambua, kinaukalia.

Wazo hili lilitoka Paris. Mwaka 1961 François Jacob na Jacques Monod wa Taasisi ya Pasteur walieleza jinsi bakteria anavyowasha jeni za kula sukari ya maziwa pale tu sukari hiyo inapokuwapo. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1965 pamoja na André Lwoff. Tangu hapo watu wakajua kwamba jeni moja inaweza kutengeneza protini inayotawala jeni nyingine. Kwa lugha yetu, programu inayoita programu.

Ila kidhibiti chenyewe ni protini, na protini hutoka kwenye jeni. Basi kidhibiti huwashwa na nani? Na huyo aliyekiwasha aliwashwa na nani? Hapo ndipo hamira inapoingia.

Mtu aliyeharibu ili aelewe

Leland Hartwell alizaliwa Los Angeles mwaka 1939. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alihamia Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle. Njia yake ni ile mtu wa kompyuta anayoielewa mara moja: kama hujui sehemu fulani ya programu inafanya nini, ivunje uone kinachoharibika.

Shida ni kwamba ukivunja jeni ya kugawanya seli, seli haigawanyiki, na hutakuwa na seli za kuchunguza. Hartwell alitumia seli zilizoharibika nusu, yaani zinazofanya kazi vizuri kwenye nyuzi 23 za selsiasi lakini zinakwama zikifikishwa nyuzi 36. Ukitaka ziishi, unazipoza. Ukitaka kuona hitilafu, unazipasha moto.

Hamira ilimsaidia kwa jambo moja zaidi. Chipukizi lake hukua kadiri kazi inavyoendelea, kwa hiyo ukitazama ukubwa wa chipukizi kwa hadubini unajua seli imefika wapi. Seli zote za aina moja zilipokwama zikiwa na chipukizi la ukubwa ule ule, Hartwell alijua jeni iliyoharibika inahitajika hatua hiyo. Kufikia mwaka 1973 yeye na wenzake walikuwa na seli 148 za namna hii zilizoonyesha jeni 32 tofauti. Walizipa jina cdc na namba.

Moja ilikuwa ya pekee. Seli yenye kasoro kwenye jeni CDC28 ilikwama mwanzoni kabisa, kabla ya kutoa chipukizi na kabla ya kurudufu DNA. Mahali hapo alipaita mwanzo. Seli ikishapita hapo, hairudi nyuma.

Halafu akauliza swali langu la saa nane usiku: kazi moja ikikwama, nyingine zinaendelea? Mara nyingi jibu lilikuwa hapana. Seli iliyoshindwa kurudufu DNA haikuendelea kutenga kromosomu. Kwa hiyo mwaka 1974 yeye na wenzake walichora mchoro wa kutegemeana, mishale kutoka kazi moja hadi nyingine. Lakini kulikuwa na jambo la ajabu. Baadhi ya seli zilizokwama ziliendelea kutoa machipukizi mapya kwa zamu, kana kwamba kuna saa mahali fulani isiyojali. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Kuna kiungo na sisi hapa. Wakati huo huo Paul Nurse, Mwingereza, alikuwa akifanya utafiti kama huo kwa hamira ya aina nyingine, isiyochipua bali inayojikata katikati. Jina lake la kisayansi ni Schizosaccharomyces pombe. Ndiyo, pombe ile ile! Mjerumani Paul Lindner aliitenga mwaka 1893 kutoka kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, akaipa jina la Kiswahili. Nurse alipata jeni cdc2, ambayo ni ndugu wa CDC28. Mwaka 1987 yeye na Melanie Lee walionyesha kwamba jeni ya binadamu inaweza kuiokoa hamira iliyoharibika cdc2. Tangu hapo hakuna aliyeweza kusema hamira ni jambo la waoka mikate tu. Hartwell, Nurse na Tim Hunt walipata Nobel mwaka 2001.

Protini ya CDC28 si kidhibiti unakili. Ni kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine, kama programu inayobadilisha alama kutoka 0 kuwa 1. Hakifanyi kazi peke yake. Kinahitaji wenza waitwao saiklini, ambao hutengenezwa na kuharibiwa kwa zamu. Basi wengi wakaridhika kwamba bosi amepatikana. Saa ni Cdc28 na saiklini zake, wengine wote ni watumishi.

Mlango wa Swi5

Mwaka 1981 Lynna Hereford, aliyewahi kufanya kazi na Hartwell, na wenzake walionyesha kwamba RNA ya histoni huongezeka pale DNA inaporudufiwa, kisha hupungua. Histoni ni protini ambazo DNA huzungushiwa kama uzi kwenye kibiringo. Ni jambo la maana: DNA mpya inahitaji vibiringo vipya, na nje ya wakati huo ni mzigo. Kumbe jeni zenyewe huwashwa na kuzimwa kwa zamu.

Jeni iliyofungua mambo zaidi inaitwa HO. Kimeng'enya chake hukata DNA ya seli yenyewe ili hamira ibadili jinsia. Mnaona hatari yake. Kikata hicho kikiwashwa wakati mbaya, seli inajijeruhi. Mwaka 1984 maabara ya Ira Herskowitz ilitaja jeni tano ambazo HO haiwaki bila hizo, SWI1 hadi SWI5. Kim Nasmyth na Linda Breeden huko Cambridge, Uingereza, walionyesha mwaka 1987 kwamba Swi4 na Swi6 ndizo zinazoifunga HO kwenye wakati wake, kupitia herufi CACGAAA zilizorudiwa mara kadhaa karibu na jeni hiyo. Baadaye, mwaka 1993, kundi la Nasmyth lilipata Mbp1, ambayo pia hushirikiana na Swi6 lakini hutafuta herufi ACGCGT, mbele ya jeni nyingi za kurudufu DNA.

Ila kwangu mimi kisa kitamu kuliko vyote ni cha Swi5, kilichochapishwa mwaka 1991 na kundi hilo hilo la Nasmyth. Seli hutengeneza Swi5 mapema, kabla haijahitajika. Lakini Cdc28 huibandika fosfeti karibu na sehemu inayotumika kama kitambulisho cha kuingia kwenye kiini cha seli, mahali DNA ilipo. Ikiwa na fosfeti hiyo, Swi5 inabaki nje. Ipo, imekamilika, lakini inasubiri mlangoni.

Kromosomu zikishaanza kutengana, saiklini zinaharibiwa, nguvu ya Cdc28 inashuka, fosfeti inaondolewa, na Swi5 inaingia ndani. Ikifika inawasha jeni kadhaa, mojawapo ikiwa SIC1. Na Sic1 hufanya nini? Huikaba Cdc28 isiamke tena haraka!

Soma tena taratibu. Programu inayofuata imeandaliwa mapema ili kusiwe na kuchelewa, lakini haiwezi kuanza mpaka iliyotangulia ifikie mwisho wake. Na ikianza tu, inaifungia mlango iliyotangulia. Hakuna saa nane usiku hapo. Ningejua hivi mapema ningelala vizuri.

Faili nililolikosea

Mwaka 1996 herufi zote za DNA ya hamira zilikamilika kusomwa, kazi ya wanasayansi zaidi ya 600 kutoka Ulaya, Marekani, Kanada na Japani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kiumbe ambaye seli zake zina kiini kama zetu. Sasa watu waliweza kuzitazama jeni zote 6,000 kwa mara moja badala ya moja moja.

Mwaka 1998 makundi mawili yalifanya hivyo. Kwanza walizifanya seli zote zianze pamoja, kama wakimbiaji kwenye mstari. Njia moja ni kutumia kemikali ambayo hamira wa jinsia moja hutoa ili kumsimamisha mwenzake. Nyingine ni kutumia seli za cdc za Hartwell, ambazo miaka 25 baadaye zilikuwa zimegeuka kuwa vifaa vya kazi. Kisha kila dakika chache walichota seli na kupima RNA ya kila jeni kwenye kipande kidogo chenye maelfu ya vidoa. Raymond Cho na wenzake walipata jeni 416 zinazopanda na kushuka kwa zamu. Paul Spellman na wenzake wa Stanford na kwingineko walipata 800.

Kundi la Stanford lilifanya jambo moja jema: liliweka namba zote kwenye mtandao, bure, katika faili la kawaida la maandishi. Ndivyo zilivyonifikia mimi mwaka wa tatu chuoni. Mhadhiri alitupa faili lenye safu zaidi ya 6,000 na kutuambia tuandike programu ya kupanga jeni katika makundi. Majina yalikuwa kama YDR146C. Baadaye nilijifunza kuyasoma: Y ni hamira, D ni kromosomu ya nne, R ni mkono wake wa kulia, 146 ni nafasi yake, na C inaonyesha uzi upi wa DNA. Huyo YDR146C ndiye Swi5.

Programu yangu ilifanya kazi vizuri. SWI5 iliingia kundi moja na jeni ya saiklini iitwayo CLB2, mikondo yao ikipanda na kushuka pamoja. Nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba SWI5 ndiyo inayoiwasha CLB2. Kazi ikarudi na maneno ya wino mwekundu: "Kuwaka pamoja si kuamriana." Alama zikakatwa.

Alikuwa sahihi. Jibu lilipatikana kati ya mwaka 2000 na 2001: CLB2 na SWI5 zote mbili huamriwa na vidhibiti vingine vinavyoshirikiana, Mcm1, Fkh2 na Ndd1. Ni watoto wa mzazi mmoja. Mimi nilidhani mmoja ni baba wa mwenzake.

Na msifikiri ungeweza kutafuta tu herufi kwenye faili la DNA. Mfuatano wowote wa herufi sita, kama herufi zingepangwa kwa bahati nasibu na kwa usawa, ungetarajiwa mara 2,900 hivi katika herufi milioni 12. Nyingi ya sehemu hizo hazina maana. Ilibidi kuangalia kidhibiti kimekaa wapi kweli.

Kundi la Richard Young katika Taasisi ya Whitehead huko Massachusetts lilifanya hivyo mwaka 2001. Waligandisha protini kwenye DNA kwa kemikali ya fomalini, wakakata DNA vipande, wakavua kidhibiti kimoja kimoja pamoja na kipande alichokalia, kisha wakasoma kipande hicho ni cha wapi. Vidhibiti walivyochunguza vilikuwa tisa. Walichokiona ni mbio za kupokezana kijiti. Swi4, Swi6 na Mbp1 huwasha jeni ya Ndd1. Ndd1 na wenzake Mcm1 na Fkh2 huwasha jeni za Swi5 na Ace2. Hawa, pamoja na Mcm1, huwasha CLN3, saiklini inayoanzisha duru mpya kwa kuwaamsha Swi4 na Swi6. Kijiti kimerudi kwa mkimbiaji wa kwanza. Swali langu la mwanzo, nani alikiwasha kidhibiti, jibu lake ni kidhibiti kilichotangulia. Ni duara.

Breki, na ubishi ambao haukuisha kirahisi

Mwaka 2004 makundi mawili yalionyesha kinachozuia duara hilo lisizunguke ovyo. Ni protini iitwayo Whi5, inayozikalia Swi4 na Swi6 na kuzinyamazisha. Seli ikikua vya kutosha, Cln3 na Cdc28 huibandika Whi5 fosfeti, inaachia na kutoka kwenye kiini, na jeni za kuanzia zinawaka.

Hapa hamira inatugusa. Seli zetu zina breki kama hiyo, iitwayo Rb. Herufi zake hazifanani na za Whi5, lakini nyaya zimeunganishwa vile vile: Rb hukaba vidhibiti viitwavyo E2F, na ndugu za Cdc28 huibandika fosfeti ili iachie. Jeni ya Rb ilipatikana mwaka 1986 kwa kuchunguza saratani ya macho ya watoto. Mtoto anayeipoteza kwenye seli za jicho anapata uvimbe, kwa sababu breki haipo. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha palbociclib, dawa ya saratani ya matiti inayozuia vimeng'enya vinavyoilegeza breki hiyo. Kutoka hadubini ya Seattle hadi kidonge cha mgonjwa ni miaka 45 hivi.

Na bosi je? Mwaka 2008 kundi la Steven Haase wa Chuo Kikuu cha Duke lilichukua hamira isiyo na saiklini sita, zile za kurudufu na kutenga DNA. Saa ilikuwa imevunjwa. Hata hivyo karibu asilimia 70 ya jeni za zamu ziliendelea kupanda na kushuka karibu kwa wakati wake, na seli zikaendelea kuchipua, kama zile za Hartwell nilizowaambia mzikumbuke. Ikaonekana vidhibiti vinaweza kupokezana kijiti vyenyewe. Lakini mwaka 2016 Sahand Jamal Rahi, Frederick Cross na wenzao walipima upya na kusema hapana, sehemu kubwa ya zamu hizo husukumwa na Cdc28 na mfumo unaoharibu saiklini. Ukiigandisha saa hiyo, jeni nyingi zinakwama nayo.

Mimi si mwanabiolojia, siwezi kuwa refa wao. Ila nikimtazama Swi5 mlangoni naona kwa nini ni vigumu kumpata bosi mmoja. Kidhibiti kinasubiri ruhusa ya saa, na kikiingia kinaizima saa. Kila mmoja anamwamuru mwenzake, na kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Zile programu zangu mbili nimezirekebisha. Ripoti sasa inasubiri alama kwamba hesabu zimekamilika. Saa sikuitupa: alama isipofika kabla ya saa kumi alfajiri, napigiwa simu. Ni afadhali niamshwe mimi kuliko kutuma ripoti nusu.

Wiki njema, na mkiumua unga kesho asubuhi, waheshimuni hao wadogo mle ndani.